Dalili za kijana aliyenaswa na kamari, na mahali pa kupata msaada

MSIMU wa mavuno ya mpunga katika Bonde la Kilombero, fedha huingia kwa mkupuo, kisha familia husubiri hadi msimu mwingine. Kwa hiyo, kijana wa Ifakara anayezimaliza kwenye mkeka wa mpira au mashine ya dubwi, huwa amepoteza mbegu, mahitaji ya shule na chakula cha miezi ijayo.

Michezo ya kubahatisha ni halali nchini na husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza, lakini mtoto anaweza kucheza kwa simu na laini ya ndugu yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua uraibu wa kamari kuwa ni maradhi, katika mwongozo wake ulioanza kutumika Januari 2022. Kipimo kikuu si kiasi cha fedha kinachopotea, bali ni kushindwa kujizuia licha ya madhara.

Dalili zake ni kuongeza dau kila mara, kucheza ili kurudisha alichopoteza, kukopa kwa siri, kusema uongo, kukasirika anapozuiwa, kuacha masomo au kazi, na vitu vya nyumbani kutoweka.

Wengi huamini kwamba wakishaliwa mara nyingi, zamu yao ya kushinda imekaribia. Hilo si kweli. Mashine haikumbuki mchezo uliopita, na hupangwa ili sehemu ya fedha ibaki kwa mwenyewe.

Mzazi azungumze na kijana kwa utulivu, bila matusi wala kipigo. Kumlipia madeni kimyakimya humpa nafasi ya kuanza upya. Ni bora fedha zake zitunzwe kwa muda na mtu anayemwamini, na akaunti zake za kamari zifungwe.

Msaada waweza kuanzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au katika Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara. Kwa mtoto, namba ya simu 116 hupigwa bila malipo.

Akianza kuzungumzia kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Deni laweza kulipwa msimu ujao, lakini uhai ukipotea haurudi.