Mali Bila Daftari: Usalama wa Habari Usiopimika si Usalama

Majengo mengi ya afisi jijini Eldoret humpokea mgeni kwa bawabu na daftari. Mgeni huandika jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na jina la mtu aliyekuja kumwona. Akiinua macho kidogo juu ya mstari wake, atasoma habari hizo hizo za watu ishirini waliomtangulia. Nyuma ya bawabu pana ukuta, juu ya ukuta pana seng'enge, na juu ya mlango pana kamera. Jengo limelindwa, walioandikwa daftarini hawakulindwa.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba nakusudia kumkejeli bawabu. Yeye hutenda alichoagizwa. Lawama ni ya wenye kampuni, nasi walimu na wakuu wa shule hatumo nje yake, kwani tumezoea kuuliza, "Tumenunua nini?" badala ya kuuliza, "Tunalinda nini, na tunajuaje kwamba kimelindwa?" Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za watu ni mali, na mwenye mali hiyo si kampuni iliyokabidhiwa, bali ni watu wenyewe.

Mali hii ina tabia yake. Ng'ombe akiibwa, wenyewe hufuata nyayo na pengine wakamrejesha zizini. Siri ya mtu ikishasomwa, hapana nyayo za kufuata wala cha kurejesha. Ndiyo maana agizo la Rais Uhuru Kenyatta la Februari 2015 liliwatia watu wengi hofu. Makamishna wa kaunti waliagizwa kushirikiana na wakuu wa elimu na wa afya ili kukusanya habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Nia ilikuwa kuwasaidia. Lakini orodha yenye majina ya watoto, ikipita kutoka meza hadi meza, ingeweza kuwafuata maisha yao yote. Shirika la KELIN pamoja na wenzake walikwenda mahakamani, na mnamo Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, hususan haki ya faragha.

Eneo letu nalo lina sababu yake ya kulitafakari jambo hili. Mnamo 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, kompyuta ilianza kutumiwa kutunza rekodi za wagonjwa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mwaka 2006 mpango wa AMPATH ulihamia kwenye mfumo wa OpenMRS katika kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi. Manufaa yake ni dhahiri, kwani daktari anaweza kuona historia ya mgonjwa bila kufukua marundo ya karatasi. Hata hivyo, kila manufaa huja na wajibu. Faili la karatasi husomwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Faili la kompyuta laweza kunakiliwa mara elfu kabla ya chai ya saa nne. Wajibu huo si wa hospitali pekee. Ni wa chama cha akiba na mikopo, wa kiwanda, wa duka la jumla na wa shule.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayesimamia data kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu atambue kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa, iwapo wenyewe wamo hatarini kudhurika. Mnamo Septemba 2023 afisi ya Kamishna huyo ilitangaza kuitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini sheria haijengi mpango. Kampuni isiyojua ina data gani itatambuaje, ndani ya saa 72 au hata miezi 72, kwamba imeibiwa?

Basi mpango uweje? Tuseme pana kampuni ya wafanyakazi 40 inayowauzia wakulima wa Uasin Gishu pembejeo. Mkurugenzi wake anahitaji karatasi moja kila mwezi, yenye hesabu tano. Ya kwanza: kati ya madaftari, kompyuta na simu zote zinazohifadhi habari za wateja, ni ngapi zina mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye kuwajibika? Ya pili: kati ya wafanyakazi walioacha kazi, ni wangapi ambao akaunti zao bado ziko wazi? Jibu linalotakiwa ni sifuri, kufikia jioni ya siku ya mwisho ya kazi. Ya tatu: ni kompyuta ngapi zimepitisha siku 30 bila kuwekewa marekebisho ya programu? Ya nne: mara ya mwisho tulipojaribu kurejesha data kutoka kwenye nakala za akiba, ilituchukua saa ngapi? Nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu. Ya tano: tulipowatumia wafanyakazi barua pepe ya ulaghai kwa majaribio, ni wangapi walioiripoti, na baada ya dakika ngapi?

Kila hesabu iwe na lengo, tarehe na mwenye kuisimamia. Mwezi huu ulinganishwe na mwezi uliopita. Hapo ndipo mkurugenzi atakapojua kama fedha zake zimenunua usalama au zimenunua mapambo.

Hata hivyo, twapaswa kujihadhari, kwani hesabu nazo hudanganya. Kampuni yaweza kujisifu kwamba wafanyakazi wote 40 walihudhuria semina ya usalama. Hiyo ni idadi ya viti vilivyokaliwa. Mwalimu aliyemaliza silabasi hajui bado kama wanafunzi wameelewa; atajua atakaposahihisha mtihani. Isitoshe, karani aliyekiri kwamba alibonyeza alichokatazwa asiadhibiwe kwa kukiri kwake. Akiadhibiwa, hesabu ya mwezi ujao itakuwa safi kwa sababu kila mtu amenyamaza.

Nanyi wanafunzi, msidhani haya ni ya wakubwa. Kesho ndinyi makarani, wauguzi na wahasibu wa jiji hili. Anzeni leo kuuliza kila mnapoombwa nambari zenu: itawekwa wapi, ataisoma nani, itafutwa lini?

Tunaweza kuanzia pale pale langoni. Mgeni apewe kipande chake cha karatasi badala ya daftari. Akijaze, akitumbukize katika kisanduku chenye kufuli, na vipande hivyo viteketezwe baada ya siku zilizowekwa. Kisha tuhesabu: leo mgeni aweza kusoma nambari za wageni wangapi wenzake? Jana walikuwa ishirini. Leo hapana hata mmoja. Huo ni usalama unaopimika, na gharama yake ni karatasi na kufuli.