Rada Zimefungwa, Wakaguzi Je?

Giza likiingia Madale, Dar es Salaam, taa nyekundu za minara ya simu huanza kuwaka juu ya vilima. Taa hizo ni za rubani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayotoa kibali cha urefu wa mnara. Kibali hutolewa mara moja, lakini taa inatakiwa iwake kila usiku, na ikizimika lazima awepo mtu wa kujua na kumbana mwenye mnara. Kazi hiyo ya pili haina siku ya kukata utepe.

Rada nazo ni hivyo hivyo. Agosti 2017 TCAA ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa kufunga rada nne za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa zaidi ya shilingi bilioni 60. Kabla yake tulitegemea rada moja ya Dar es Salaam, ile ya BAE Systems iliyozua kashfa ya bei, na sehemu kubwa ya anga yetu haikuonekana. Muongoza ndege alijaza kijikaratasi: ndege ipi, kimo gani, itapita kituo fulani saa ngapi, huku akisubiri rubani aseme redioni amefika wapi. Kwa kuwa hakuweza kuziona, ndege mbili za kimo kimoja mara nyingi aliziachia dakika 10 kati yao. Kwa ndege kubwa hizo ni zaidi ya kilomita 100. Kwa rada, kilomita tisa hivi zinatosha. Ni kazi kubwa iliyofanyika, na inastahili sifa.

Kisha ikaja Juni 2025. Umoja wa Ulaya ukayafungia anga yake mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania. Desemba 2024 ilikuwa Air Tanzania peke yake. Tatizo halikuwa rada. Umoja huo ulitaja uhaba wa wataalamu wenye sifa na usimamizi usiofaa wa urushaji na hali ya ndege. Usimamizi huo ni kazi ya wakaguzi wa TCAA, na mkaguzi wa kweli ni rubani au mhandisi aliyekomaa, na huyo mashirika ya ndege nayo yanamtaka, kwa mshahara ambao ofisi ya umma haiufikii kirahisi.

Linaloniumiza zaidi ni hili: TCAA inaongoza ndege, na papo hapo inakagua usalama wa uongozaji huo. Kenya nako ni hivyo. Mkaguzi anayetaka kuandika kwamba mtambo fulani haukutunzwa, taarifa yake inapanda kwa mkuu yuleyule anayewajibika kwa mtambo huo. Mkaguzi huyo anahitaji ulinzi wa sheria, si moyo wa ujasiri tu.

Bajeti ya Wizara ya Uchukuzi inaposomwa bungeni, wakaguzi nao watajwe kwa idadi kama rada zilivyotajwa: wanatakiwa wangapi, wapo wangapi, na walioondoka mwaka huo wamekwenda wapi.