BANGI: NI NINI KIMO NDANI YAKE?

Ndugu mfanyakazi, wewe unayeshuka shimoni na wewe unayeendesha lori kubwa kule juu, umekwisha kusikia maneno haya: « Bangi iliyokaa mwaka mzima imekufa, haina nguvu tena. » Na wewe mama wa nyumba, labda jirani amekuambia kwamba bangi inaponya kifafa cha mtoto. Katika maneno hayo mna ukweli kidogo. Ukweli kidogo unaweza kuua, basi tufasirie.

Mmea huu una vitu zaidi ya 100 vinavyoitwa kanabinoidi. Watu wanajua kimoja tu, THC, kile kinacholevya. Lakini jani bichi halina THC nyingi, lina asidi. Mama wa zote ni asidi ya CBG. Mmea unaigeuza kuwa asidi ya THC, asidi ya CBD na asidi ya CBC. Asidi ya THC hailevyi. Moto ukiigusa, inatoa gesi ileile inayopanda katika chupa ya bia, na hapo inakuwa THC yenyewe. Ndiyo sababu watu wanaichoma.

Sasa ile bangi ya zamani. Hewa na mwanga vinaila THC pole pole, kama kutu inavyokula chuma, na inageuka kuwa CBN, ambayo inalevya kidogo sana. Wanakemia wa Cambridge, Uingereza, waliitoa CBN katika bangi tangu miaka ya 1890. THC yenyewe ilitolewa safi mwaka 1964 tu, na Gaoni na Mechoulam wa Israeli. Lakini angalia: THC haiishi yote. Jicho haliwezi kupima imebaki ngapi, wala pua. Yule anayevuta mara mbili kwa kuwa « imekufa » anajidanganya mwenyewe.

Iko vilevile THCV, yenye mkia wa kaboni 3 mahali pa 5. Tofauti ndogo hiyo inatosha: kwa kipimo kidogo inaweza kuziba mlango wa ubongo ambao THC inaufungua. Basi mafungu mawili ya soko moja yanaweza kumfanyia mtu kazi mbili mbali mbali.

Je, inakuhusu nini kazini? THC inachelewesha mkono na mguu, inaharibu kipimo cha umbali na cha wakati. Fikiri yule anayeshika mashine ya kushusha watu shimoni. Na aliyeikula katika chakula ni hatari zaidi: inaweza kukawia saa moja au mbili, anasema « haifanyi kitu », anaongeza, kisha nguvu yote inamkuta kazini, mbele ya kapita wake. Tena THC inapenda mafuta ya mwili. Kwa mwenye mazoea, alama yake inaonekana katika mkojo hata majuma kadhaa, ijapokuwa ulevi umekwisha zamani.

Mama, turudi kwa mtoto. Ni kweli, CBD hailevyi, na mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa ya CBD safi kwa namna fulani za kifafa kikali cha watoto. Lakini dawa hiyo inapimwa kwa mililita, na munganga anaangalia maini kwa kupima damu. Majani unayoyachemsha jikoni hayana kipimo. Kanabinoidi hazipendi maji, zinapenda mafuta. Ukiweka mafuta ya ngazi ndani ya sufuria, zinaingia, na THC pamoja nazo. Mtoto mdogo aliyekula THC anaweza kulala usingizi usioamshika na kupumua kwa shida. Mpeleke lopitali mara moja, useme wazi alikula nini. Usione haya.

Na vidonge vyake vya kifafa, kama fenobarbitali, usivikate kwa siku moja ili kujaribu majani: kukatwa ghafula kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Ukienda kwa munganga, chukua vidonge vyote mkononi, pamoja na jina la kila kitu kingine ulichompa.