Ugonjwa utulie, ndipo kisu kifuate

Mgonjwa wa lupasi au wa Graves akiuliza kama anaweza kufanyiwa upasuaji wa urembo usoni, hujibiwa kwa mkato: kuna wanaomkataza kabisa, na kuna wanaomwambia alete hela tu. Wote wanakwepa la msingi, yaani kama ugonjwa wenyewe umetulia. Katika Graves, kinga ya mwili huishambulia tezi ya thairoidi na, kwa baadhi ya wagonjwa, mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho. Macho hutokeza, na kope za juu hupanda hata weupe ukaonekana juu ya mboni. Madaktari husubiri hali hiyo ikae imetulia, kwa kawaida kama miezi 6, kisha hupasua kwa utaratibu: kwanza mfupa unaozunguka jicho, halafu misuli, kope mwisho. Jicho likirudi ndani, kope nazo hubadilika. Anayeanza na kope kwa sababu ndizo anazoziona kwenye kioo huenda akarudi kukatwa upya.

Lupasi, ambayo nayo ni kinga kuushambulia mwili wenyewe, ina mtego wake. Predinisoloni, dawa inayotumika kuutuliza ugonjwa huo, huufanya uso ufure na kuwa mviringo, lakini dozi ikipunguzwa, uvimbe hupungua wenyewe taratibu, kwa hiyo kukimbilia kupunguza mashavu wakati huo ni haraka isiyo na faida. Dawa hiyo pia huchelewesha kidonda kupona. Basi si aiache tu wiki moja kabla? Hapana! Tezi za adrenali zilizozoea kusaidiwa zinaweza kushindwa kuzalisha homoni, presha ikaporomoka mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Tena baadhi ya wenye lupasi wana kingamwili zinazogandisha damu, jambo ambalo mpasuaji hawezi kulijua kwa kumtazama mtu usoni.

Wako watakaosema mgonjwa ashukuru uzima, urembo ni anasa. Sikubaliani nao. Lupasi ya ngozi huacha makovu meupe yenye kingo nyeusi, na kwenye ngozi yetu nyeusi huonekana hata kutoka mbali; anayetaka kuyapunguza hatafuti anasa. Ila ngozi hiyo ikijeruhiwa ugonjwa ukiwa bado moto, kidonda chenyewe chaweza kuzaa kovu jipya.

Kabla hujalipa hata shilingi, mwombe daktari anayekutibu azungumze na mpasuaji kuhusu kila dawa unayomeza. Mpasuaji asiyetaka mazungumzo hayo, achana naye.