Hadithi ya Mwindo: ndoa ya shangazi ndiyo inaokoa mtoto

Mwaka 1956, huko Walikale, msimulizi mmoja wa Kinyanga kwa jina Candi Rureke alitoa hadithi moja kwa muda wa siku 12. Aliimba, alicheza, alitikisa kibuyu chenye mbegu ndani, njuga zikilia miguuni. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika yote kwa Kinyanga. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, na juu yake kuna jina la Biebuyck pamoja na la Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha.

Rureke mwenyewe alisema kwamba hajawahi kuitoa hadithi yote kwa siku zinazofuatana. Kwa kawaida watu walisikia kipande kimoja leo, kingine siku nyingine. Kwa namna hiyo hadithi ya Mwindo inafanana na mchezo wa redio wa siku hizi. Kuna mwami, kuna mji, kuna maajabu, na msikilizaji anangoja kujua nani ataoa nani.

Lakini mtu akingoja arusi ya Mwindo atangoja sana. Ndoa inayobeba hadithi hii ni ya shangazi yake.

Mwami hataki mtoto mwanaume

Katika mji wa Tubondo kuna mwami Shemwindo, mwenye bibi 7. Anatoa amri: bibi zake wote wazae wasichana tu. Atakayezaa mwanaume, mtoto atauawa. Mtu wa Masisi ao Walikale haitaji kuelezwa sana. Msichana akiolewa, mali inaingia nyumbani. Mwanaume akioa, mali inatoka. Zaidi ya hiyo, mwanaume anaweza kukalia kiti cha baba.

Bibi 6 wanazaa wasichana. Wa 7, yule aliyependwa zaidi, anazaa Mwindo. Mtoto huyu anazaliwa kwa maajabu: anatokea kwenye kidole cha mama yake, anaongea na kutembea siku ileile. Mkononi ana conga, mgwisho wa mkia wa nyati, na begani ana kifuko chenye kamba.

Mapenzi ya baba kwa bibi yule yanaishia hapo. Shemwindo anamrushia mtoto mkuki, unamkosa. Anamzika akiwa mzima, mtoto anatoka. Mwishowe anamfunga ndani ya ngoma na kuitupa mtoni.

Mume ni nyoka wa maji

Mbele ya mambo hayo yote, msimulizi amekwisha kupanda mbegu moja. Shemwindo ana dada, Iyangura. Mukiti, nyoka mkubwa anayetawala maji yenye kina, amekuja Tubondo kumwomba. Msikilizaji asifikiri kwamba hapa kuna maneno matamu ya wapenzi wawili. Kuna mazungumzo, kuna mali, kuna siku inayopangwa, kisha bibi-arusi anasindikizwa kwa bwana yake.

Siku ya kwanza kipande hiki kinaonekana kama desturi tu. Umuhimu wake unaonekana baadaye. Ngoma aliyomo Mwindo haishuki na maji. Inapanda mto, kwa sababu mtoto anajua pa kwenda: kwa shangazi. Wasichana wanaochota maji wanaiona, wanaenda kuita, na Iyangura anaipasua kwa kisu. Ndani anamkuta mtoto wa ndugu yake, anang'aa.

Kumbe dada aliyetolewa kwa mali ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa kukimbilia. Hapo ndipo mtu anaelewa kazi ya ndoa katika hadithi hii. Inapanda undugu mahali pa mbali, na undugu ule unavunwa siku ya hatari.

Kamba mkononi mwa shangazi

Mwindo anataka kurudi Tubondo kupambana na baba yake. Iyangura anafuatana naye. Njiani wanapita kwa wajomba wa Mwindo, wahunzi, nao wanamfua upya kama chuma. Ndiyo kusema upande wa baba unamtupa, lakini shangazi anampokea na wajomba wanampa nguvu. Mwindo hashindi peke yake hata siku moja.

Tubondo inapigwa na radi, na Shemwindo anakimbilia chini ya ardhi, kwa roho. Kabla ya kumfuata, Mwindo anampa shangazi ncha moja ya ile kamba. Anamwambia: kamba ikiacha kutikisika, ujue nimekufa. Na kweli, huko chini Muisa, mwenye makao yale, anampiga Mwindo mpaka anaanguka. Huku juu shangazi anashika kamba iliyotulia na kulia. Kisha conga inamwamsha Mwindo, kamba inatikisika tena. Msikilizaji anatiwa hofu na mwanamke anayengoja habari za mtoto wake, kuliko na kijana anayetafuta mchumba.

Kwa nini haoi Kahindo

Mchumba yuko lakini. Kwenye mlango wa kuzimu Mwindo anamkuta Kahindo, binti ya Muisa, mwili wote umejaa buba. Mwindo hamkimbii wala hamcheki. Anamwosha vidonda. Kahindo naye anamfundisha namna ya kuepuka mitego ya baba yake: akataye kiti atakachopewa, akataye pombe atakayopewa. Wengi wangesema hapa ndipo mapenzi yameanza.

Baadaye Muisa mwenyewe anamwambia Mwindo amwoe binti yake. Mwindo anakataa: hawezi kuoa huko, ataoa kwao Tubondo. Jibu hili si la dharau. Yeye ameingia kule kutafuta baba. Kuoa wakati nyumba yenu imevunjika, na baba amejificha, ni kujenga bila msingi. Kwanza ukoo upone, ndipo bibi aletwe.

Katika nchi jirani ya Rwanda, mchezo wa redio Musekeweya, ulioanza mwaka 2004, ulichukua njia nyingine: kijana Shema na msichana Batamuliza wanapendana wakati vilima vyao viwili vinachukiana, na mapenzi yao yanavuta watu kuelekea amani. Kwa Mwindo amani ya ukoo inatangulia. Njia ni mbili, lakini zote zinasema mapenzi ya wawili hayakai mbali na watu wao.

Baba anakiri mbele ya watu

Mwindo anamrudisha Shemwindo Tubondo. Hamuui. Mwami anakiri ubaya wake mbele ya wote, na Iyangura anamkaripia kaka yake waziwazi kwa kuchagua kati ya watoto. Kisha utawala unagawanywa, baba upande wake, mwana upande wake.

Huku kwetu neno hilo la kuchagua watoto halijazeeka. Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, bado inaomba mali itolewe ili ndoa ikamilike. Ubaya wa Shemwindo haukuwa kupokea mali. Ulikuwa kuhesabu watoto kwa mali watakayoleta ao watakayotoa.

Na tangu vita vilipoanza tena mwishoni mwa 2021, familia nyingi za Masisi, kisha za Walikale, zimetawanyika. Watoto wengi wamepokelewa na shangazi ao mama mdogo aliyeolewa mbali. Zamani ilionekana kama binti amepotea kwa ukoo. Leo ndiye anayeshika ncha ya kamba, anangoja simu ilie.

Mwenye mzee nyumbani anayejua kipande cha Mwindo, kwa Kinyanga ao kwa lugha ingine ya huku, amwombe akitoe, na amrekodi kwa simu. Kipande kimoja kinatosha kwa kuanza.