Hana Budi, kwa Hiari, Aliona Heri: Neno "Choice" katika Majibu ya Fasihi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, nianze kwa kukiri kosa langu. Nilikuwa nikisahihisha majibu ya Kidato cha Nne hapa Bamburi, swali likihusu ujasiri wa Sudi katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. (Tamthilia hii imekwisha kutoka katika orodha ya vitabu teule, lakini mimi bado naitumia kwa mazoezi.) Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Sudi "hakuwa na budi kukataa" kazi ya kuchonga kinyago. Sarufi ilikuwa safi, nikaweka alama. Baadaye nilipoirudia karatasi ile niliona kwamba sentensi hiyo imemnyang'anya Sudi ule ujasiri tuliokuwa tukiutafuta. Asiye na budi hana ujasiri, kwani hana njia nyingine.

Nilimwita mwanafunzi nikamuuliza alitaka kusema nini. Akanijibu kwa lugha ya kituo cha matatu: "Mwalimu, ile ilikuwa choice yake." Kumbe kichwani alikuwa na neno moja la Kiingereza, na mkono ukachukua neno la Kiswahili lililokuwa karibu, ambalo maana yake ni kinyume kabisa.

Tatizo ni kwamba neno hilo la Kiingereza limebeba mambo mengi kwa pamoja. Ni kitendo cha kuchagua, ni kile kilichochaguliwa, ni vitu vilivyowekwa mbele yako uchague, tena ni uwezo wenyewe wa kuamua. Kiswahili kimeyagawa mambo haya. Kitendo ni uchaguzi au uteuzi. Kilichochukuliwa ni chaguo. Kinachoweza kushika nafasi ya kingine ni mbadala. Na uwezo wa kuamua bila ya kushurutishwa ni hiari. Mwanafunzi anayeandika "chaguo" kila mahali hupotea katika mgawanyo huo.

Kuhusu kuchagua na kuteua sitakaa sana. Kwa mujibu wa kifungu cha 97 cha Katiba ya 2010, wabunge 290 wa maeneo bunge na wanawake 47 wa kaunti huchaguliwa kwa kura, ilhali 12 huteuliwa na vyama. Anayeteua huwa na kigezo na mamlaka mkononi mwake. Ndiyo maana katika uhakiki tunasema "uteuzi wa msamiati" wa mwandishi. Ukiandika "uchaguzi wa msamiati" hutaeleweka vibaya, ila mimi husikia masanduku ya kura.

Kuchagua nako kuna upande wa lawama. Mtoto anayechagua chakula ni msumbufu. Mchagua nazi hupata koroma, na watoto wa Pwani hawahitaji kuelezwa kwamba koroma si dafu tena wala haijawa nazi: maji yake hayana utamu wa dafu na nyama yake haijafaa mbuzi. Basi ukisema mhusika ni "mchaguzi", jua kwamba hujamsifu.

Sasa turudi kwenye budi, maana hapa ndipo alama hupotea. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni njia ya kuepukia jambo. Katika Kiswahili neno hili huishi ndani ya ukanushi tu: sina budi, hana budi, hapana budi. Hatusemi "ana budi". Kwa hiyo kila ulitumiapo unadai kwamba njia zote zilikuwa zimefungwa. Je, kwa Sudi zilifungwa? Kenga alimjia na keki ya sherehe na ahadi juu yake. Angeweza kuchonga, akala, akanyamaza. Alikataa kwa hiari yake, na baadaye Ashua, mkewe, alipofungwa ili yeye ashurutishwe, bado hakuchonga. Neno la Sudi ni hiari.

Nilipolieleza hili darasani, msichana wa nyuma aliinua mkono: "Na Ashua, mwalimu? Alikwenda ofisini kwa Majoka kwa hiari?" Nilinyamaza. Hakuna aliyemburuta, kwa hiyo mtu anaweza kusema ni hiari. Lakini nyumbani mlikuwa na watoto wenye njaa, na anayesema "kwa hiari yake" amekwisha kumhukumu. Tukisema "hakuwa na budi" tunamfanya kuwa jani linalopeperushwa na upepo, hali Ashua ana akili zake na ulimi wake. Darasa liligawanyika, wavulana wengi upande wa lawama. Jambo hilo lilinisumbua, kwani baadhi ya wasichana wale wanawajua akina Ashua kwa majina.

Jibu lilitoka katika neno tunalolitamka kila siku. Hiari na heri zina mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye konsonanti kh, y na r. Jina Mukhtar, yaani mteule, limetoka humo humo. Na katika Kiswahili heri ni neno la kupima mambo mawili: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Anayesema hivyo hakupewa kizuri na kibaya achague. Amepewa vibaya viwili, akavipima. Tukaandika ubaoni: "Ashua aliona heri kujidhili mbele ya Majoka kuliko kuwatazama wanawe wakilala njaa." Hapo mhusika amebaki na uamuzi wake, na dhiki yake imebaki pia. Hata wavulana walinakili.

Kwa zoezi, mpe mwanafunzi mhusika yeyote wa kitabu anachokisoma sasa, aandike juu ya kitendo kimoja sentensi tatu: ya kwanza yenye "kwa hiari", ya pili "hakuwa na budi", ya tatu "aliona heri". Kisha aeleze ni ipi inayoungwa mkono na matukio ya kitabu, na atoe ithibati. Darasani kwangu tulianza na Ashua. Yule mwanafunzi wa Sudi nilimrudishia karatasi yake nikiwa nimeifuta alama niliyompa, akaiandika upya sentensi yake, nami nikamrudishia alama mbili.