Stanley ni mtu au ni mahali?

Mama mmoja mzee aliniletea kadi yake ya ubatizo. Imeandikwa «Stanleyville». Mjukuu wake alikuwa na wasiwasi: «Bibi, wataona karatasi hii na kusema wewe si mtu wa Kisangani.» Hofu hiyo si ndogo katika nchi yetu, ambako wengi wameulizwa asili yao kwa ukali. Basi tulifafanue jina hili.

Kwanza, Stanley ni jina la mahali. Katika Kiingereza cha kale maana yake ni mahali palipofyekwa penye mawe, na Uingereza kuna zaidi ya mahali pamoja panapoitwa hivyo. Waliotoka huko wakalibeba kama jina la ukoo.

Pili, ni mtu. Henry Morton Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands. Jina la Stanley alilichukua ujanani huko Marekani. Januari 1877 alipita kwenye maporomoko yetu, na Desemba 1883 akarudi kuweka kituo hapa. Watu walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Baadaye jina hilo likawa la serikali ya kikoloni yenyewe, pamoja na mateso yake.

Tatu, ni mahali pengi. Stanleyville iliitwa Kisangani mwaka 1966. Stanley Falls, maporomoko yale saba, ni Boyoma. Stanley Pool, kule Kinshasa, ni Pool Malebo. Lakini mlima Stanley wa Rwenzori, wenye mita 5.109, ungali na jina lile. Na mji wa Stanley katika visiwa vya Falkland haumhusu msafiri huyo: uliitwa kwa heshima ya Lord Stanley, waziri wa makoloni wa Uingereza.

Msomaji wa Biblia hashangai. Kaisaria ya Filipo (Mathayo 16) si Kaisaria ya Kornelio (Matendo 10), ingawa miji yote miwili ilibeba jina la Kaisari.

Kwa hiyo, ndugu makatibu wa parokia, mkikuta «Stanleyville» kwenye kadi ya zamani, msifute. Andikeni pembeni: «sasa Kisangani». Mama yule alibatizwa papa hapa, kando ya mto huu huu. Wakubwa walibadilisha jina la mji. Mungu aliyemwita yeye kwa jina lake hakumsahau.